Mwaloni wa Marehemu Shemeji



Yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu za pwani analikumbuka kopo la mrihani lililowekwa penye ngazi au ukingoni mwa kisima. Mama zetu hawakusomea kilimo, lakini walilijua jambo moja ambalo wengi wenye bustani kubwa hawalijui. Mrihani usipokatwa ncha hurefuka, hutoa maua, hukomaa, kisha hukauka. Kila jioni mkono ulipita ukachuma ncha mbili tatu za kutia katika kikuba, na palipokatwa ncha moja palichipua mbili. Kopo lile lilidumu kwa sababu liliguswa kila siku. Lau lingeachwa, lisingemaliza mwaka.

Juma hili tunakusudia kuzungumza juu ya mti mmoja tu, nao uko mbali na pwani yetu. Ni mwaloni uliopandwa chunguni, katika ua wa nyumba ya dada yetu huko Uingereza. Tunauzungumzia kwa sababu ulizusha ugomvi baina ya mama na binti yake, nasi tukatakiwa tuamue. Tuliamua, na uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa wa makosa.

Dada yetu mkubwa ameishi katika mji wa Leicester kwa zaidi ya miaka arubaini. Mumewe, marehemu shemeji yetu, alikuwa mtu wa Mombasa aliyefanya kazi kiwandani hadi alipostaafu. Mwaka 1989 walijaaliwa binti, mtoto wao wa pekee. Majira ya kupukutika majani ya mwaka huo shemeji alikwenda kutembea katika bustani ya mji, akaokota kokwa moja ya mwaloni iliyoanguka chini, akaja akaipanda katika kikombe kilichovunjika mkono. Alikuwa na rafiki Mwingereza waliyefanya kazi pamoja, mpenzi mkubwa wa bonsai, na huyo ndiye aliyemfundisha namna ya kuulea mti katika chungu. Kwa miaka ishirini na saba mti na binti walilelewa nyumba moja. Mwaka 2016 shemeji alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza, bonsai ni nini hasa? Neno hili ni la Kijapani, na maana yake ni mmea uliopandwa katika sinia. Asili ya sanaa yenyewe ni China. Wajapani waliichukua, wakaikuza, wakaipa sura inayojulikana leo duniani. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi lililouharibu mji wa Tokyo mwaka 1923, baadhi ya watunzaji wa miti hiyo walihama wakaenda Omiya, na mwaka 1925 wakaanzisha huko kijiji cha bonsai ambacho kipo hadi hivi sasa. Wapenzi wa sanaa hii katika nchi nyingine hawakulazimika kutumia miti ya Japani. Waingereza wengi huutumia mwaloni, mti wa mashamba yao wenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni jamii ya miti iliyoumbwa midogo, au ni mti uliotiwa dawa ya kuudumaza, au ulionyimwa chakula. Sivyo hata kidogo. Kokwa ile aliyoiokota shemeji, lau ingeota pale pale bustanini, ingeweza kuwa mti wa zaidi ya mita 20 na kuishi karne kadhaa. Udogo wa bonsai hautoki katika mbegu, unatoka katika mkono wa mtunzaji. Mti hukatwa juu ili usirefuke, na hupunguzwa mizizi chini ili utoe vijizizi vipya. Hubadilishiwa udongo, hulishwa mbolea, na wakati wa joto hunyweshwa kila siku. Mkono ukiondoka, mti hurejea katika tabia yake, na tabia ya mwaloni ni kuwa mkubwa.

Mwezi wa Februari 2023 tulijaaliwa kwenda kumzuru dada yetu kwa majuma matatu. Asubuhi ya pili alitutoa uani, baridi ikikata masikio, akatuonyesha. "Ndugu yangu," alisema, "huu ndio mti wa marehemu. Sijauruhusu mkono wa mtu kuugusa. Nimeumwagilia maji tu. Uko kama alivyouacha."

Tulitazama. Mti ulitupita kimo. Matawi yake yalikuwa marefu kama fimbo za kuchungia mbuzi, matupu katikati, yakishikilia majani makavu ya rangi ya kahawia, kwani mwaloni ambao bado mdogo aghalabu hushikilia majani yake yaliyokufa hadi baridi iishe. Chungu chenyewe kilikuwa na ufa. Binti, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alisimama mlangoni na hakusema neno.

Usiku tulipokuwa jikoni alitwambia, "Mjomba, mwaka jana nilimwambia mama tuukate, tuurudishe umbo lake. Alilia siku mbili. Tangu hapo nikitaja mti, ananiona kama ninayetaka kumzika baba mara ya pili."

Siku iliyofuata dada aliliweka jambo mbele yetu. "Wewe ndiye uliyesoma katika sisi," alisema. "Sema neno." Nasi tulisema bila ya kukawia. Tulisema kwamba moyo wa mama una haki kuliko umbo la mti, na kwamba kuhifadhi alichokiacha marehemu ni katika wema kwake, basi mti uachwe. Tuliona tumefanya insafu. Binti aliinamisha kichwa akakubali, ila aliomba jambo moja, kwamba yule rafiki wa babake aitwe aje autazame tu.

Mzee alikuja siku ya Jumamosi, umri wake umepindukia miaka themanini, na kurunzi ndogo mfukoni. Kwa muda mrefu hakugusa kitu. Alichuchumaa, akamulika ndani ya matawi, akazunguka upande wa pili. Kisha alishika kitawi kimoja cha ndani, nacho kikakatika kama kijiti cha kiberiti. Akaomba kikombe cha maji, akakimimina juu ya udongo. Maji hayakuingia. Yalitambaa juu yakamwagika pembeni, kwa kuwa mizizi ilikuwa imejaa chungu kizima, haikubaki nafasi ya tone. Mwisho alijaribu kukisukuma chungu, na chungu hakikusogea. Mzizi mmoja, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umetoka katika tundu la chini na kuzama katika ardhi ya ua.

"Mti huu haumo chunguni tena," mzee alisema. "Uko ardhini. Chungu umekivaa kama kiatu."

Akatueleza yaliyokuwa yakitendeka. Mwaloni hupeleka nguvu zake nyingi katika ncha za juu. Usipopogolewa, juu hunenepa na kufunga kivuli, na vitawi vya ndani na vya chini, kwa kukosa jua, hufa kimoja kimoja. Vitawi hivyo vya ndani ndivyo roho ya bonsai, maana siku ya kuufupisha mti, hivyo ndivyo vinavyochukua mahali pa kilichokatwa. Alihesabu matawi ya chini. Manne yalikuwa hai, moja limekwisha kufa. Miaka mingine miwili mitatu, alisema, yote yatakuwa yamekufa, na hapo hapatakuwa na pa kurudi. Juu ya hayo, mzizi ule ulikuwa ukinenepa ndani ya tundu la chungu na kujikaba wenyewe.

Halafu mzee akauliza kama iko picha ya mti ule siku za uhai wa mwenyewe. Dada aliingia ndani, akarudi na albamu. Ilikuwa picha ya kiangazi cha mwaka 2015. Shemeji ameketi kwenye kiti cha mbao, kofia yake ya vito kichwani, na mbele yake juu ya meza uko mwaloni, kilele chake kinamfika kifuani. Shina nene chini likipungua kila lipandapo, matawi yametandaa, majani yamefunga vizuri pande zote. Ungedhani ni mti wa shambani wenye miaka mia tatu, umetazamwa kutoka mbali.

Dada aliitazama picha, akautazama mti kupitia dirishani, akairudia picha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huu sio ule."

Wapenzi wasomaji, maneno yale matatu yalitutia haya kuliko lawama yoyote. Sisi tulikuwa tumehukumu mti uachwe kama ulivyo kwa hoja kwamba ndivyo marehemu alivyouacha, ilhali hatukuuliza aliuachaje. Kitu kisicho na uhai, kama vile saa au bakora, ukikiweka kabatini hubaki kama kilivyowekwa. Chenye uhai hakibaki. Kwa mti ule, kuuweka kama alivyouacha kungelikuwa na njia moja tu, nayo ni kuukata kila mwaka kama alivyokuwa akiukata yeye. Tuliiondoa hukumu yetu pale pale, mbele ya binti, tukasema wazi kwamba tulikosea.

Dada alikuwa na jingine moyoni. "Basi mimi ndiye niliyeuharibu," alisema. Mzee alikataa. Alimkumbusha Julai ya mwaka 2022, pale joto la Uingereza lilipopita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu kuanza kuwekwa kumbukumbu, bustani nyingi zikaungua. "Nani aliyeumwagilia siku zile?" aliuliza. "Lau si maji yako, leo tungekuwa tunazungumza juu ya kuni."

Kazi ilianza kwa jambo dogo lakini zito. Katika tawi moja la chini ulikuwapo waya wa shaba, alioufunga shemeji majira yake ya mwisho ili kulielekeza tawi. Waya wa namna hii hufungwa kwa miezi kadhaa, kisha huondolewa kabla haujaanza kuuma. Ule ulikaa zaidi ya miaka sita. Gome lilikuwa limeumeza mahali pengi, na tawi limebaki na alama za mzunguko kama kamba. Dada alisema kazi ile ya mwisho ya mkono wake hataki iguswe na mtu. Mzee alimpa yeye koleo. Alimweleza kwamba waya uliozama haufunguliwi kwa kuzungushwa, kwani utang'oa gome. Hukatwa vipande vipande, kila kipande kikatolewa peke yake, na kile kilichomezwa kabisa huachwa humo humo. Dada alivaa miwani, akakaa kitako, akaikata kwa muda wa saa nzima. Vipande alivitia katika kopo tupu la halwa, na kopo liko kabatini hadi leo.

Sasa sisi, ambao siku mbili kabla tulikuwa tukisema mti usiguswe, tuligeuka tukawa na pupa. Tulibakiwa na majuma mawili, tukataka tuondoke tumeona kazi imekwisha: kichwa kikatwe, mzizi ukatwe, chungu kibadilishwe. Tulimwambia mzee kwamba uanzwe huo mzizi mtoro uliotoka nje, maana ndio chanzo cha fujo. Akatikisa kichwa. Mti, alisema, huvumilia pigo moja zito kwa mwaka. Ukikata juu, waachie mizizi yake ili iweze kuchipua; ukikata mizizi, usiusumbue juu. Ukifanya yote kwa pamoja, huenda usiamke. Na huo mzizi mtoro, ingawa umekosea njia, ndio unaoulisha mti hivi sasa. Mwaka huu utatusaidia, mwakani tutauaga.

Kwa hiyo Februari ile kulifanywa kazi ya juu tu, mti ukiwa bado umelala. Shina lilikuwa limenenepa juu karibu sawa na chini, likapoteza ule mpunguko wake wa kupendeza. Mzee alichagua tawi moja hai, kiasi cha dhiraa moja kutoka udongoni, liwe kilele kipya, akakata shina juu yake kwa msumeno, kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame. Binti ndiye aliyekata, mzee akimwelekeza, na dada alilishika shina kwa mikono miwili lisitikisike. Zaidi ya nusu ya mti ilianguka chini. Mahali pa jeraha palisawazishwa kwa kisu kikali, pakabonyezwa kidogo katikati ili gome litakapoota lifunike bila ya kuacha kivimbe, kisha pakapakwa dawa ya kuziba.

Matawi marefu nayo yalifupishwa, kila moja hadi mahali penye kitawi au chipukizi hai, kwa kuwa tawi la mwaloni lililokatwa mbele ya utupu lina hatari ya kukauka hadi shinani. Tuliuliza kwa nini yasikunjwe kwa waya badala ya kukatwa. Sisi wenyewe tuna methali inayojibu, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Tawi nene la mwaloni ni samaki mkavu. Hulikunji. Hulikata, ukangoja litoe kitawi kipya kibichi, na hicho ndicho utakachokikunja. Lile tawi lililokufa halikuondolewa lote. Lilichongwa likaachwa kisiki kifupi kilichochubuliwa gome, kwani mialoni mikongwe ya Uingereza huwa na matawi makavu na mashimo shinani. Mwaloni mashuhuri wa msitu wa Sherwood, mwendo usio mrefu kutoka Leicester, una shina lenye uwazi ndani na matawi yake yameegemezwa kwa nguzo kwa miaka mingi. Kovu halimwondolei mzee haiba yake.

Tukarudi Mombasa. Machi ikapita. Aprili mitofaa ya jirani ikafunga maua, mawaridi yakatoa majani, na mwaloni wa dada ukabaki kijiti. Alitupigia simu usiku. "Ndugu yangu," alisema, "tumeuua." Hatukuwa na la kumjibu. Sisi ndio tuliotoa ruhusa, na katika nyumba ile neno letu ndilo lililoondoa kizuizi. Tulilala vibaya usiku ule na mwingine baada yake. Mzee, alipoulizwa, alisema tu kwamba mwaloni ni katika miti inayochelewa kuamka, na uliokatwa sana huchelewa zaidi, kwa kuwa hauna machipukizi tayari. Lazima uyatengeneze kutoka ndani ya gome la zamani.

Katikati ya Mei binti alituletea picha kwa simu. Juu ya gome kuukuu, mahali ambapo hapakuwa na kitu, palikuwa na vidoto vyekundu kama vichwa vya pini. Baada ya siku kumi vilikuwa majani madogo, mekundu kwanza, kisha kijani.

Lakini si matawi yote yaliyoitika. Lile tawi la waya halikuchipua chochote kupita mahali waya ulipoumia, na majira ya kupukutika yalipofika lilikuwa limekauka. Hilo lilikuwa la kulipa. Lau waya ungetolewa mwaka wake, tawi lingekuwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine hata ukuta haujengeki tena.

Kiangazi kile mzee aliharimisha mkasi. Binti, kwa kuona vitawi vipya vinarefuka ovyo, alitamani kuvikata, akazuiwa. Jani ndilo jiko la mti. Mti uliojeruhiwa huachiwa majani yote upike, ule, urejeshe nguvu. Machi 2024, machipukizi yalipoanza kuvimba, ndipo ilipofika zamu ya mizizi. Chungu kilivunjwa, kwani hapakuwa na njia nyingine. Mzizi mtoro ulikatwa kwa msumeno. Mizizi mirefu iliyozunguka ilichambuliwa kwa kijiti na kupunguzwa kiasi cha theluthi moja, minene ikipunguzwa zaidi na myembamba ikihifadhiwa. Udongo wa zamani haukuoshwa wote, kwa sababu ndani yake mlikuwa na nyuzi nyeupe za kuvu anayeishi na mizizi ya mwaloni na kuisaidia kupata maji na chakula. Mti haukutiwa katika chungu cha fahari. Ulitiwa katika sanduku la mbao, pana na la kina kifupi, lenye matundu mengi chini, kwa udongo wa punjepunje: ule wa Kijapani uitwao akadama, umechanganywa na mawe mepesi ya volkano, ili maji yapite na hewa iingie. Shina lilifungwa kwa waya kwenye sanduku, kwani mti ukitikiswa na upepo vijizizi vipya hukatika. Kisha mwaka huo nao ukaachiwa upumzike.

Mwaka 2025 ndipo ilipoanza kazi ya kuunyoosha na kuupamba, na hapa kina mama wetu wa mrihani watajikuta nyumbani. Kitawi kipya kinapofikia majani matano au sita, kinakatwa kibaki na mawili. Penye majani hayo mawili huchipua vitawi viwili, navyo hukatwa vivyo hivyo. Kila tawi linapogawika, nguvu hugawika, na majani yanayokuja huwa madogo kuliko yaliyotangulia. Majani ya mwaloni yaliyokuwa mapana kama kiganja hupungua hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, hadi yalingane na udogo wa mti. Juu hukatwa zaidi, kwa kuwa ndiko nguvu zinakokimbilia. Chini hukatwa kwa huruma, ili walio dhaifu wapate jua.

Mwishoni mwa Julai na mwanzo wa Agosti mwaloni huwa na tabia ya kuchipua mara ya pili, na majani ya mara hii hupendwa sana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga wa sembe. Ulikuja. Binti aliyaondoa majani yaliyoshikwa, akapunguza msongamano ndani ili hewa ipite, akawa anamwagilia asubuhi udongoni badala ya kunyesha juu ya majani. Ukapungua. Baridi hii inayokuja watafunga waya mwembamba katika vitawi vibichi, na safari hii dada ameandika katika kalenda ya jikoni, kila tarehe mosi ya mwezi: tazama waya.

Katika hifadhi ya taifa ya bonsai mjini Washington, Marekani, uko msonobari mweupe wa Kijapani uliolelewa chunguni tangu mwaka 1625. Ulikuwa mali ya familia ya Yamaki, vizazi kwa vizazi, katika mji wa Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangushwa, mti ulikuwa kiasi cha kilomita tatu kutoka pale, nyuma ya ukuta, ukasalimika. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, bila ya kusema umepitia nini. Habari hiyo ilijulikana huko mwaka 2001, wajukuu zake walipokwenda kuuona. Sisi linalotuvuta katika kisa hiki ni hesabu ya mikono. Karne nne ni warithi wangapi? Na katika hao hakuna aliyeurithi akasema, mimi sitaugusa kwa kumheshimu baba. Kila aliyeurithi alishika mkasi.

Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi hawana mwaloni, wala hatuwashauri kuutafuta. Dada alitaka kutupa kokwa moja tuje nayo, tukamwambia mti ule unahitaji baridi ya kuulaza kila mwaka, na pwani yetu haina. Tena kuingiza mbegu nchini pasi na kibali ni kinyume cha sheria. Anayependa kujaribu sanaa hii hapa kwetu anao mkwaju na mbuyu, miti ya joto, inayokubali kukatwa na kuishi katika chungu.

Lakini mwaloni wa shemeji uko katika nyumba nyingi za pwani kwa umbo jingine. Tumeona jahazi limepandishwa mchangani kwa heshima ya nahodha aliyefariki, watoto wake wakikataa lisiguswe. Jahazi heshima yake ni kalafati na kupakwa sifa kila mwaka. Bila ya hayo mbao huachana, na baada ya misimu michache kilichobaki ni kumbukumbu yenye mchwa. Tumeona chuo cha marehemu mwalimu kimefungwa kufuli hadi paa likaanguka, na duka lililobaki na bidhaa zile zile. Na tumeona pia kinyume chake: mrithi aliyeingia kwa shoka siku ya arubaini, akabadilisha kila kitu kwa pigo moja, kikafa mkononi mwake. Sisi wenyewe, katika muda wa siku mbili, tulisimama pande zote mbili. Anayeachiwa kitu chenye uhai, kwanza atafute picha: kilikuwaje hasa mwenyewe alipokuwa akikishughulikia? Kisha ashike mkasi, na akate kwa kadiri ya nguvu za kinachokatwa.

Juma lililopita tulizungumza na dada kwa simu. Mti sasa una kimo cha dhiraa moja na shubiri, na umeanza kufunga pande zote, ila upande mmoja, pale palipokuwa na tawi la waya, bado pana pengo. Mzee anasema kitawi kidogo kilichoota jirani yake kitaweza kuelekezwa pale kwa miaka mitano au sita. Binti na mama hukaa uani pamoja siku za Jumapili, mmoja anakata, mwengine anahesabu majani. Tulimuuliza dada kama mti sasa uko kama alivyouacha marehemu. Alifikiri kidogo.

"Hapana," alisema. "Lakini lau angeingia leo kwa mlango wa ua, angeujua ni wake. Angesema pale pana pengo, kisha angevua koti akaanza kazi."

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.